Kitabu kilichosahaulika kaunta, malkia wa Ufaransa na bibi yangu wa Kalenga

Kuna kaka mmoja alikuja steshenari kwangu mwezi wa sita mwishoni, kashika kitabu kinene kimechoka, gamba la mbele halipo, akasema dada nitolee kopi kuanzia hapa mpaka hapa, akachomeka vijiti vya kiberiti kwenye kurasa iwe alama, akaacha elfu mbili ya kuanzia, akasema anaenda kunywa chai anarudi. Hajarudi mpaka leo.

Mimi sio msomaji wa vitabu, niseme ukweli. Kazi yangu ni karatasi, kutwa nzima napitisha karatasi za watu, tafiti za wanachuo, barua za kuomba kazi, vyeti vya kuzaliwa, kadi za michango ya harusi, nazishika zote na sisomi hata moja, maana ukianza kusoma vya watu kazi haziendi na utayajua yasiyokuhusu. Ila ile wiki umeme ulikuwa unakatika asubuhi unarudi jioni, na mwezi wa saba wa Iringa mnaujua nyie mliokaa huku, nimevaa sweta, juu ya sweta koti, juu ya koti shuka la kimasai, mashine zimelala, wateja wanachungulia mlangoni "umeme upo?", haupo, wanaenda zao. Nikakivuta kile kitabu.

Kinaitwa Le Chevalier de Maison-Rouge, kaandika Alexandre Dumas, Mfaransa, yule yule wa d'Artagnan na wenzake wa mapanga. Niliyonayo ni tafsiri ya Kiingereza, Kiingereza cha zamani kile, sentensi inaanzia juu ya ukurasa inaishia chini, ukifika mwisho ushasahau nani alikuwa anaongea. Siku mbili za kwanza nilihangaika. Siku ya tatu mteja kaja anataka kulaminetiwa cheti nikamwambia umeme hakuna, kumbe umerudi zamani na taa inawaka juu ya kichwa changu.

Sasa kilichonishangaza ni kwamba haya mambo mi niliyasoma. Nimesoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza), form five na six, Mapinduzi ya Ufaransa tuliyameza kama dawa ya minyoo, sababu za mapinduzi pointi nane, madhara pointi nane, madeni ya serikali kwa sababu walienda kuwasaidia Wamarekani vita yao, mavuno mabaya ya 1788, mkate kupanda bei, mkutano wa matabaka matatu wa mwezi wa tano 1789 ambao ulikuwa haujaitishwa tangu 1614, gereza la Bastille tarehe 14 Julai na ndani walikuta wafungwa 7 tu. Nilipata alama nzuri tu. Mwalimu wetu alikuwa anapenda kutuambia malkia alisikia watu hawana mkate akasema si wale keki, darasa zima linacheka, na mi nikaandika kwenye mtihani. Juzi ndo nimejua hakuna ushahidi wowote kwamba aliwahi kusema hivyo, hayo maneno mwandishi mmoja, Rousseau, aliyaweka kwenye kitabu chake akidai yalisemwa na binti mkubwa fulani wa kifalme, na wakati anayaandika Marie Antoinette alikuwa bado mtoto kwao Austria. Yaani tumemsingizia mtu na alama tukapewa.

Basi. Jumapili huwa naenda Kalenga kwa bibi, mama yake baba. Ni karibu tu, kama kilomita 15 kutoka mjini. Mwezi wa saba ni wakati wa kupukuchua mahindi, na kupukuchua bila stori hakuendi, vidole vinauma unaanza kuhesabu magunzi. Zamani stori alikuwa anatoa yeye. Saivi anasema zake zimeisha, amenisimulia zote, niseme mimi ya mjini. Ya mjini sina, ntamwambia nini, bei ya rimu? Nikamwambia ngoja nikupe ya kitabu.

Jumapili ya kwanza nikamwanzia hivi. Bibi, kuna mji unaitwa Paris, mwaka 1793, mwezi wa tatu. Mfalme wameshamuua, Louis wa 16, walimkata kichwa tarehe 21 Januari kwa mashine. (Bibi: mashine ya nini? Mashine bibi, kisu kikubwa kinashuka kutoka juu kati ya miti miwili. Bibi: kumbe, nikadhani mashine kama zile za Mashine Tatu za kusaga.) Mke wake malkia wamemfunga kwenye mnara unaitwa Temple, yeye na wifi yake na watoto wawili, wa kike na wa kiume. Mji mzima una hofu, mitaa imegawanywa 48, kila mtaa una kamati yake na mgambo wake, na ukikutwa unatembea usiku huna karatasi ya kuonyesha we ni raia mwema unakamatwa. Sasa usiku huo mgambo walevi wamemkamata dada mmoja kajifunika, hana karatasi...

Bibi akanikatisha. "Barua ya mjumbe hakuwa nayo?"

Hakuwa nayo. Na kwa kweli sijawahi kusikia maelezo ya ule mfumo yakaeleweka kwa maneno manne kama hayo. Nikaendelea, anapita kijana anaitwa Maurice Lindey, luteni wa mgambo, mwanamapinduzi damu, anaamini kabisa kwamba wafalme wakwende, lakini anamwonea huruma yule dada, anamtoa mikononi mwa wale walevi kwa msaada wa rafiki yake Lorin ambaye kila kitu anakijibu kwa mashairi hata kama kuna hatari, halafu anamsindikiza kwake gizani, na dada anamwambia fumba macho, akifumbua dada hayupo, kabaki na busu mdomoni na pete. Jina hajaambiwa. Ndo keshapotea hivyo mtoto wa watu. Anaanza kumtafuta mitaa yote, anakuja kumpata, anaitwa Geneviève, ni mke wa mtu, mume wake Dixmer ana kiwanda cha ngozi, na pale nyumbani kuna mtu mwingine mkimya anajiita Morand anashughulika na dawa za ngozi. Kumbe ngozi ni geresha. Ile nyumba nzima wanapanga namna ya kumtorosha malkia, na Morand ndo huyo Chevalier mwenyewe wa kwenye jina la kitabu, anampenda malkia tangu zamani, kumpenda kwa mbali, na yupo tayari kufa. Na Maurice, ambaye ni mlinzi wa zamu kule kule gerezani, anakula chakula cha jioni pale kwao kila siku hajui lolote.

Mi nilikuwa nasimulia hapo kwa mbwembwe, nimefika kwenye pete, nimefika kwenye mapenzi. Bibi kakaa kimya anapukuchua, halafu akauliza, "Na yule mtoto wa kiume ana miaka mingapi?"

Nikasema mtoto gani? "Wa mfalme. Umesema wamefungwa na mama yao."

Ikabidi niangalie kwenye simu. Alizaliwa Machi 1785, kwa hiyo alikuwa anakaribia kutimiza 8. Bibi akasema ehee, akaendelea na gunzi lake. Mi nikarudi kwenye mapenzi.

Jambo lililomfurahisha sana bibi ni kwamba kwenye ile Paris huruhusiwi kumwita mtu bwana wala bibi, ukisema bwana unaonekana mpinga mapinduzi, wote ni raia, raia Maurice, raia Geneviève, na hata kuongea kwa heshima ya wingi ilionekana ni mambo ya wakubwa. Bibi alicheka mpaka akakohoa. Akasema kama enzi za Mwalimu Nyerere, ndugu, ndugu, katibu kata alikuwa anamwita mkwe wake ndugu. Akasema mwanzoni walikuwa wanaona raha kweli, unamwita mkubwa ndugu naye anaitika. Baadae ukishasikia "ndugu" unajua unaitiwa mchango.

Jumapili ya pili nilimpa habari ya mwandishi kwa sababu aliniuliza huyu anayesimulia yuko upande gani. Swali zuri, hata mi nilikuwa najiuliza, maana nasoma ukurasa huu nataka malkia atoroke, ukurasa unaofuata nakumbuka watu waliokuwa wanalala njaa naona na wao walikuwa na haki. Sasa sikia. Bibi yake Dumas, mzaa baba, alikuwa mwanamke mweusi, mtumwa kule kisiwani Saint-Domingue, ambayo leo ni Haiti, anaitwa Marie-Cessette. Baba yake, Thomas-Alexandre Dumas, alizaliwa huko 1762, akapelekwa Ufaransa, akaingia jeshini askari wa kawaida, mapinduzi yakaja yakafungua milango iliyokuwa imefungwa, na mwaka 1793, mwaka ule ule ambao kitabu kinasimulia, akawa jenerali. Ana miaka 31. Chini ya wafalme mtoto wa mtumwa asingekuwa jenerali wa Ufaransa hata angepigana na simba. Halafu huyo jenerali akafa 1806, mwanae hajatimiza hata miaka minne, na mtoto akakua akaja kuandika kitabu ambacho ukikisoma unamlilia malkia!

Bibi akasema, "Kumbe ni mjukuu wetu." Nikasema ndio bibi. Akasema, "Ndio maana anawahurumia wote."

Mi sijui kama ndio maana, ila kuna kitu kingine nikiongeze hapa japo bibi sikumwambia kwa sababu nilikisoma baadae. Kitabu kilitoka kwanza gazetini kipande kipande mwaka 1845, kama mi nilivyokuwa nampa bibi, alafu 1847 Dumas na mwenzake Auguste Maquet wakakigeuza mchezo wa kuigiza, na ndani ya mchezo kuna wimbo wa kufa kwa ajili ya nchi. Miezi michache mbele, Februari 1848, watu wa Paris wakaingia tena mtaani kumtoa mfalme mwingine, Louis-Philippe, na wimbo waliokuwa wanauimba ni ule wa kwenye mchezo. Hadithi ya kumlilia malkia ikatoa wimbo wa kumfukuza mfalme. Hapo nilicheka peke yangu kaunta.

Jumapili ya tatu ilikuwa ya ua na ya mbwa. Maurice, hajui anatumiwa, anawaombea Geneviève na Morand nafasi ya kwenda kumwona malkia pale Temple, kumwona tu kama mtu anavyoenda kuangalia mnyama, na Geneviève ana maua, na ndani ya ua moja kuna kikaratasi. Mle gerezani kuna mama mmoja, mama Tison, kazi yake kuwahudumia wafungwa na kuwapeleleza, na adhabu yake mwenyewe ni kwamba haruhusiwi kumwona binti yake. Anaenda kusema kuhusu ua. Msako unafanyika, na anayeishia kukatwa kichwa ni binti yake mwenyewe, Héloïse, kumbe alikuwa kwenye mpango. Mama akili zikaruka hapo hapo. Habari ya binti kukatwa kichwa ni ya Dumas, lakini mama Tison alikuwepo, na kweli alirukwa na akili mle mle gerezani. Hiyo sura niliisoma mara mbili na nikafunga duka mapema.

Bibi hapo aliacha kupukuchua kabisa. Akasema huyo mama tunamjua. Sikumuuliza wanamjuaje.

Alafu shimo. Wanachimba njia chini ya ardhi kutoka nyumba ya jirani mpaka bustani ya gereza, watokee kwenye pishi la kibanda cha mama muuza chakula cha askari, wiki na wiki wanachimba, siku ya siku imefika, malkia ameomba ashuke bustanini kupunga upepo, kila mtu yuko mahali pake, na mpango wote unaharibiwa na kijibwa. Kijibwa cha malkia mwenyewe. Kinanusa watu waliojificha kule chini kinaanza kubweka. Basi, imeisha.

Mi niliona Dumas ametutania, bibi akasema hapana, ndivyo inavyokuwa. Halafu akauliza kitu ambacho mwalimu wangu hakuwahi kuuliza, kwamba kwanini hawakukimbia mapema, wakati mfalme yupo hai na farasi anao. Nikamwambia walikimbia bibi, usiku wa tarehe 20 Juni 1791, wamejibadilisha nguo, lakini walienda na gari kubwa zito la farasi, na mizigo, na watoto, na wifi, linatambaa, njiani mtu mmoja anaitwa Drouet anayeshughulika na kituo cha farasi akamtambua mfalme, wakakamatwa mji mdogo wa Varennes, wakarudishwa Paris watu wamejipanga barabarani wanawaangalia.

Bibi akatema mate pembeni. "Anayekimbia habebi kitanda."

Na hapo akanikumbusha ya kwetu, ambayo kila mtoto wa Kalenga anaijua kabla ya kujua kusoma. Wajerumani waliivunja ngome tarehe 30 Oktoba 1894, pale pale tulipokaa tunapukuchua, ukuta uliopigwa mizinga ulipita upande ule wa mto. Mkwawa, chifu wetu wa Wahehe, akatoka. Akakaa porini karibu miaka minne, anahama hama, wameweka rupia 5,000 kwa atakayeleta kichwa chake, na hawakumpata mpaka alipojipiga risasi mwenyewe Mlambalasi tarehe 19 Julai 1898, na mwisho alikuwa amebaki na kijana mmoja tu. Louis alitoka na gari lenye sahani, hata siku mbili hazikufika. Najua sio sawa kulinganisha, mmoja alikuwa anapigana na mgeni aliyemvamia na mwingine alikuwa anakimbia watu wake mwenyewe, bibi mwenyewe alisema hivyo, akasema huyo wa kwao aliwakimbia wenye njaa, wetu hakumkimbia mtu, alikuwa anapigana. Ila kulinganisha alilinganisha.

Na mtoto je? Akauliza tena. Jumapili zote tatu. Mi nikawa naanza kuona aibu maana kila nikisoma nilikuwa natafuta Geneviève yuko wapi, Maurice atamfanyaje yule mume, na mtoto namruka. Nikarudi nyuma kwenye kitabu kumtafuta. Yupo. Wamemtoa kwa mama yake wakampa fundi viatu mmoja anaitwa Simon amlee kimapinduzi, na Simon anampiga, anamfundisha matusi, anamfundisha nyimbo za kumtukana mama yake huku mama anasikia juu ghorofani. Dumas anatuonyesha hivyo vipande anatukasirisha vizuri tu, alafu mapenzi yanaita anaondoka. Hilo ndo kosa la kitabu kwa maoni yangu, nalisema japo nimekipenda.

Jumapili ya nne nikakwama, kurasa za mwisho zimechanika. Kama sura tatu nzima hazipo. Nilikaa na kile kitabu mkononi kama mtu aliyeshushwa kwenye basi Makambako usiku. Ikabidi ninunue bando, kwa kuwa Dumas amekufa tangu 1870 kitabu kinapatikana bure mtandaoni, nikasoma kwenye simu chini ya blanketi mpaka saa nane usiku, na mwisho wake nyie... Malkia wamemhamishia Conciergerie, gereza la kusubiri kufa. Huko Dixmer ana mpango wake na Chevalier ana wa kwake, hakuna aliyemwambia mwenzie, yote miwili inaangukia usiku mmoja inagongana kama bajaji mbili kwenye kona. Geneviève anakamatwa. Malkia anakufa, na Chevalier anakutwa amekufa chini ya jukwaa lile lile alilokatiwa. Lorin anahukumiwa. Na Maurice, ambaye angeweza kabisa kubaki nje, anaingia kwa miguu yake kwenye chumba cha waliohukumiwa ili aende na mpenzi wake na rafiki yake. Wote watatu. Yaani Dumas hajamwacha mtu.

Huyo Chevalier kuna mtu wa kweli nyuma yake, anaitwa Rougeville. Mwishoni mwa Agosti 1793 aliingia Conciergerie akaangusha ua lenye kikaratasi mbele ya malkia, na malkia hana kalamu, akajibu kwa kutoboa toboa karatasi kwa pini. Askari wa zamu akatoa taarifa, ikaisha hapo. Ila Rougeville wa kweli hakufa chini ya jukwaa, alitoroka, akaishi miaka mingi mpaka 1814 ndo akapigwa risasi. Nilimuuliza bibi anapenda ipi, ya kitabu au ya kweli. Akasema ya kitabu nzuri kusimulia, ya kweli nzuri kwa mama yake.

Kesi ya malkia ilikuwa siku mbili tu, tarehe 14 na 15 Oktoba 1793, hukumu alfajiri ya 16, akauawa siku hiyo hiyo. Kwenye kesi walimsingizia jambo kuhusu yeye na mwanae wa kumzaa, jambo ambalo siwezi kulitamka mbele ya bibi yangu na wala hapa siliandiki, na mtoto walimlazimisha kuweka sahihi. Malkia alikaa kimya, alipobanwa ajibu akasema anawageukia akina mama wote waliomo mle ndani. Hilo nikamwambia bibi, nikaruka lenyewe. Hakuniuliza ni nini. Aliuliza, "Wakasemaje hao akina mama?" Nikasema inasemekana hata waliokuja kumzomea waliguswa. Akasema hao akina mama si ndo wale waliomfuata kule kwake? Maana nilishamsimulia ile ya Oktoba 1789, wanawake wa Paris walivyotembea kwa miguu kwenye mvua mpaka ikulu ya Versailles kudai mkate, na kesho yake wakarudi na mfalme na malkia. Ile bibi aliipenda kuliko sura zote za Dumas, na kwenye kitabu haimo. Nikasema ndio, wengine labda ni hao hao. Akasema sawa, mama unaweza kumdai mkate na unaweza kumlilia.

"Haya sasa mtoto."

Nikamwambia yote niliyoyapata. Simon alikaa nae mpaka Januari 1794, na Simon mwenyewe alikatwa kichwa tarehe 28 Julai mwaka huo siku moja na Robespierre, kiongozi wa mapinduzi. Baada ya Simon mtoto akafungiwa chumbani peke yake, miezi, hasafishwi, anaugua, akafa tarehe 8 Juni 1795 mle mle Temple ana miaka 10. Dada yake ndo pekee aliyetoka hai. Daktari aliyempasua kuangalia kilichomuua, Pelletan, akachukua moyo akauficha kwenye leso. Mwili ukazikwa kaburi la wengi, moyo ukaanza kuzunguka miaka na miaka, ukaibiwa, ukarudishwa, ukakauka ukawa kama jiwe, na watu wengi wakajitokeza kudai wao ndo yule mtoto, hakufa, alitoroshwa. Mwaka 2000 wakaupima vinasaba wakalinganisha na nywele za malkia, vikaendana. Tarehe 8 Juni 2004, siku ile ile aliyokufa, wakauzika kanisani Saint-Denis kwenye makaburi ya wafalme, karibu na wazazi wake.

Bibi hakusema kitu muda mrefu. Nilidhani amesinzia. Halafu akaanza kunisimulia 1954, mwaka fuvu la Mkwawa liliporudishwa kwetu, ambayo huwa haisimulii, alisema stori zake zimeisha kumbe hii alibaki nayo. Alikuwa mtoto wa miaka tisa hivi. Anasema hakumbuki fuvu, hakuliona, alikuwa mfupi. Anakumbuka watu, na vumbi, na mama yake alivyomshika mkono akaubana mpaka ukauma, na kwamba wazee wanaume walikuwa wanalia hadharani na hajawahi kuona hiyo kitu. Gavana wa Waingereza, Twining, ndo alikuja nalo, limetoka Ujerumani, limekaa huko zaidi ya miaka 50.

Nikamwambia bibi unajua liliandikwa wapi kwamba lirudishwe? Baada ya vita kuu ya kwanza walikaa wakubwa wa dunia wakaandika mkataba, Juni 1919, na ndani kuna kifungu cha 246 kinasema Wajerumani watoe fuvu la Mkwawa ndani ya miezi sita. Miezi sita ikawa miaka 35. Na nyumba waliyosainia ni ile ile, Versailles, kwa yule malkia.

Akanitazama kama namtania. "Ile ya akina mama na mkate?"

Ile ile bibi.

Akachukua gunzi jingine. Akasema, "Na moyo wa mtoto wameshauzika."

Wameshauzika.

"Basi."

Alafu akaniuliza kama yule kaka amerudi kuchukua kitabu chake, nikasema bado, akasema kama kuna mwingine wa huyo mjukuu wetu nimletee, ila uwe na watoto wachache.

Kwahiyo tangazo. Kama we ndo uliacha kitabu steshenari mwezi wa sita, hakina gamba, kina vijiti vya kiberiti ndani, kipo. Kopi zako kurasa 60 zipo kwenye bahasha ya kaki, kwa mia mia ni elfu sita, umelipa elfu mbili unadaiwa elfu nne. Sura za mwisho zilizochanika nimekuprintia bure, nimezibana na stepla kule nyuma. Na kwenye sura ya mama Tison kuna alama ya chai, hiyo ni mimi, samahani.